Mdoli Unaofanana na Wewe

Barabara ya 125, Harlem, mjini New York, palikuwa na duka la Woolworth, la aina ile inayouza kila kikorokoro kwa bei ya senti. Mdoli mmoja ulikuwa senti 50. Kenneth Clark na mkewe Mamie, vijana wawili wa saikolojia wasio na pesa za kuchezea, walinunua minne. Miwili ilikuwa ya kahawia yenye nywele nyeusi, miwili myeupe yenye nywele za manjano. Ukiacha rangi, hungeweza kuitofautisha: pua ile ile, midomo ile ile, kichwa kimekaa vile vile, mikono na miguu imekunjwa vile vile. Waliivua nguo zote wakaibakiza na nepi nyeupe.

Mwaka 1940 na 1941 waliipanga midoli hiyo mbele ya watoto weusi 253, wa miaka 3 hadi 7. Wengine, 134, walitoka Hot Springs, Pine Bluff na Little Rock, miji ya jimbo la Arkansas, Kusini mwa Marekani, walikosoma katika shule za weusi watupu kwa amri ya sheria. Waliobaki, 119, walitoka Springfield, Massachusetts, Kaskazini, walikokaa darasa moja na watoto wa kizungu. Mtoto aliingia peke yake, midoli iko mbele yake, mtu mzima ameketi upande wa pili na karatasi. Akaombwa mambo manane, moja baada ya jingine. Nipe mdoli ambao ungependa kuuchezea. Nipe mdoli mzuri. Nipe unaoonekana mbaya. Nipe wenye rangi nzuri. Yakafuata matatu ya kupima kama anajua tofauti: upi ni mtoto mweupe, upi ni mtoto mweusi, na tena mweusi kwa jina jingine ambalo Wamarekani walilitumia siku hizo. La nane likaachwa mwisho kwa makusudi: nipe mdoli unaofanana na wewe.

Mpangilio huo una kisa chake. Katika majaribio ya awali akina Clark waligundua kwamba mtoto akianza kwa kusema mdoli wa kahawia ndio yeye, basi maswali yanayofuata huyajibu kwa kuutetea. Akiulizwa upi mzuri, atashika ule ule. Keshajitaja, hakubali kujitukana. Kwa hiyo ili kupata ukweli ilibidi kwanza aseme kipi kizuri na kipi kibaya, ndipo aambiwe ajitafute mwenyewe kati ya alivyovisifu na alivyovikataa. Sijui kama yupo mtu mzima anayeweza kukaa kwenye kiti hicho akatoka salama.

Sisi tunaosema Kiswahili tungekuwa na shida moja zaidi. Mdoli mzuri, mdoli mbaya: mzuri wa sura au mzuri wa tabia? Lugha yetu haitenganishi. Mtoto mzuri ni yule anayependeza, na ni yule anayesikia akitumwa. Mtoto mbaya ndiye huyo huyo kwa upande wa pili. Anayekua akisikia kwamba sura yake ni mbaya hana neno jingine la kujikimbizia.

Majibu yalikuwa haya. Watoto 67 katika kila 100 walitaka kucheza na mdoli mweupe. Asilimia 59 walisema mweupe ndio mzuri, na asilimia 59 wakasema wa kahawia ndio unaoonekana mbaya. Rangi nzuri ilikuwa ya mdoli mweupe kwa asilimia 60. Ujuzi haukuwakosa: zaidi ya asilimia 90 waliweza kuonyesha bila kusita upi ni mweupe na upi ni mweusi. Ila waliposikia ombi la mwisho, mtoto mmoja kati ya watatu alimpa mtafiti mdoli mweupe.

Wengine hawakutoa wowote. Kenneth Clark alisimulia mara nyingi, hadi uzeeni, kwamba watoto wa Massachusetts ndio waliomtaabisha: wapo waliolia, wapo waliotoka chumbani mbio. Mmoja alitoa sababu kwamba yeye ni mweupe, sema tu uso umeungua jua. Arkansas mambo yalikuwa mengine. Kule mvulana mmoja alipoulizwa swali la mwisho alicheka, akauelekezea kidole mdoli wa kahawia, akautaja kwa neno moja, akasema na yeye pia ndio huyo. Neno alilolitumia ni lile tusi walilotukanwa watu weusi tangu enzi za utumwa. Alilisema kama mtu anavyotaja jina la mtaa wake. Clark alisema kicheko kile kilimsumbua sawasawa na machozi ya wenzake wa Kaskazini, pengine zaidi.

Ni rahisi kuzisoma takwimu hizi ukadhani kwamba watoto hao walikosa mapenzi nyumbani. Sioni sababu ya kuamini hivyo. Walikuwa na mama waliowasuka, bibi waliowaombea, baba waliowabeba mabegani wakitoka kanisani. Tena hao wa Arkansas walikuwa na walimu weusi kama wao, waliowajua kwa majina na kwa ukoo. Mapenzi yalikuwepo. Yaliishia mlangoni tu. Nje ya mlango palikuwa na dirisha la duka, kitabu cha hadithi, sinema, basi la shule, na vyote hivyo vilikuwa vinamwambia mtoto habari zake kabla mama hajapata nafasi ya kukanusha.

Kenneth mwenyewe alilelewa na mama asiyekubali mapenzi yaishie mlangoni. Alizaliwa mwaka 1914 katika ukanda wa Mfereji wa Panama, kwa wazazi wenye asili ya Jamaika. Mama yake, Miriam, hakutaka wanawe wakulie pale; aliwachukua akahamia nao Harlem, mume akabaki na kazi yake. Miriam akawa mshonaji katika viwanda vya nguo, na katika chama cha wafanyakazi washonaji akawa mwakilishi wa wenzake. Kenneth alipomaliza shule ya kati, mshauri wa wanafunzi alipendekeza aende shule ya ufundi, kama ilivyokuwa desturi kwa wavulana weusi hata wenye akili. Miriam aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni mguu kwa mguu, akawaambia hakutoka alikotoka ili mwanawe afundishwe kushika nyundo. Kenneth akapelekwa sekondari ya kawaida. Sidhani yule mshauri aliwahi kujua alikaribia kumpoteza nani.

Mamie Phipps alikuwa mtoto wa upande mwingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1917 Hot Springs, mji wa chemchemi za maji moto, baba yake daktari mweusi aliyeheshimiwa, mama akimsaidia mumewe kazini. Aliwahi kusema utoto wake ulikuwa wa furaha, na hapo hapo akaeleza kwamba tangu mdogo alijua lazima avae kitu kama deraya kila akitoka nje. Kuna maduka ya kuingia na maduka ya kupita. Furaha na deraya, vyote kwa mtoto mmoja. Mwaka 1934 aliingia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kusoma hisabati na fizikia. Walimu wa hisabati hawakuwa na hamu na msichana. Huko akakutana na Kenneth, aliyemvutia kwenye saikolojia na kwenye mengine, wakafunga ndoa kwa siri kwa sababu wazazi wake walitaka amalize masomo kwanza.

Baada ya shahada ya kwanza, mwaka 1938, Mamie alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili wa ukoo wa Houston mjini Washington, mahali ambapo kesi za kupinga ubaguzi wa shule zilikuwa zinasukwa. Aliwaona mawakili wakiingia na kutoka na majalada, Thurgood Marshall miongoni mwao. Kisha akarudi chuoni kuandika tasnifu ya shahada ya pili juu ya namna watoto weusi wa chekechea wanavyoanza kujitambua. Hilo nalitaja kwa sababu historia imemwandika Kenneth kwa wino na Mamie kwa penseli. Mbegu ya midoli ilikuwa ya Mamie. Kenneth alikiri hivyo, lakini jina lililoshika ni lake.

Wote wawili walikuwa watu weusi wa kwanza kupata udaktari wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Columbia, Kenneth mwaka 1940 na Mamie miaka mitatu baadaye. Msimamizi wa Mamie alikuwa Henry Garrett, mtu aliyeamini kwamba weusi na weupe hawakuumbwa kuketi pamoja, wala hakuficha. Mamie alijua, akasoma kwake hivyo hivyo. Tutamkuta tena Garrett.

Utafiti ulichapishwa mwaka 1947, ukasomwa na wataalamu wachache kama tafiti nyingi zinavyosomwa. Ulitolewa kabatini na wazazi wa kijijini waliokuwa wanatafuta basi.

Wilaya ya Clarendon, South Carolina, ilikuwa na mabasi kama 30 ya kuwabeba watoto weupe kwenda shule. Watoto weusi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwa na hata moja. Walitembea, wengine maili nyingi, na basi la wenzao likiwapita na vumbi. Wazazi wakiongozwa na mchungaji Joseph DeLaine waliomba basi, wakakataliwa, wakaomba usawa wote. Jina la kwanza kwenye orodha ya walalamikaji lilikuwa la Harry Briggs, mfanyakazi wa kituo cha petroli. Alifukuzwa kazi. Mkewe Eliza, mfanyakazi wa nyumba ya wageni, naye akafukuzwa. Nyumba ya mchungaji iliteketezwa kwa moto. Kwa kifupi, hayo ndiyo yalikuwa malipo ya kuwapenda watoto kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Wakili Robert Carter, wa kundi la mawakili wa Thurgood Marshall, ndiye aliyemfuata Kenneth Clark. Alitaka kuithibitishia mahakama kwamba hata ukijenga shule mbili zilizolingana kila tofali, kumtenga mtoto kwenyewe ni jeraha. Baadhi ya mawakili wenzake walicheka. Kesi ya katiba ya Marekani, nzito kuliko zote za kizazi chao, wakaipeleke mahakamani na midoli ya nusu dola? Marshall aliwaacha wacheke, akamkubali.

Mei 1951 Clark alipanda treni kuelekea Kusini, midoli imo ndani ya sanduku. Huko Clarendon alitishiwa. Aliwapima watoto 16 wa shule ya weusi, wa miaka 6 hadi 9. Kumi walichagua mdoli mweupe kuwa wanaoupenda. Kumi na mmoja walisema wa kahawia ndio unaoonekana mbaya. Akapanda kizimbani Charleston akayaeleza hayo mbele ya majaji watatu. Wawili waliamua ubaguzi uendelee. Wa tatu, Waties Waring, mzungu wa ukoo wa kale wa mji huo huo, aliandika hukumu ya kupinga akisema kutenga kwenyewe ndiko kutokuwa sawa. Jamaa zake na majirani walikuwa wamemsusa, akahama kwao moja kwa moja.

Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine ya shule, ya jimbo la Virginia, upande wa serikali ulimleta Henry Garrett kuwa shahidi, profesa mkubwa, aseme kutenganisha hakumdhuru mtoto. Mawakili wa wazazi wakamwita mtu aliyemfahamu vizuri. Mamie alikaa kwenye kiti cha shahidi akamjibu mwalimu wake.  Laiti pangekuwa na kamera.

Tarehe 17 Mei 1954, Jaji Mkuu Earl Warren alisoma uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi tano zilizounganishwa na kuitwa kwa jina la Oliver Brown wa Topeka, Kansas. Majaji tisa, sauti moja: shule za kutenga ni kinyume cha katiba. Warren alisema kuwatenga watoto kwa rangi tu kunawatia hisia ya uduni inayoweza kugusa nyoyo na akili zao kwa namna isiyotibika. Chini ya ukurasa, tanbihi ya 11, kilichotangulia kutajwa ni andiko la Kenneth Clark.

Utafiti wa midoli ulipata wapinzani hata kabla ya siku hiyo, na si wabaguzi peke yao. John W. Davis, aliyewahi kugombea urais mwaka 1924 na ambaye aliitetea South Carolina mbele ya mahakama hiyo, aliuliza swali lenye makali. Alisema: angalieni namba zao wenyewe. Kaskazini, ambako watoto wanasoma pamoja, asilimia 71 walisema mdoli wa kahawia ndio mbaya. Kusini, kwenye shule za kutengwa, ni asilimia 49. Kama ni shule inayowaharibu, mbona walioharibika zaidi ni wa shule za mchanganyiko? Clark alijibu kwamba mtoto wa Kusini amekwisha kukubali. Hana anachopigania, ndiyo maana anacheka. Jibu hilo lina ukweli, lakini mimi halinitoshelezi. Nadhani Davis, kwa nia yake mbaya, alikanyaga jambo ambalo mahakama haikuwa na nafasi ya kulishika: sheria ingeweza kumfungulia mtoto mlango wa shule, isiweze kumwambia kwamba ni mzuri. Mtoto wa Springfield alikuwa ndani ya darasa tayari. Ndani ya darasa alikuta mwalimu mweupe, kitabu chenye watoto weupe, na mdoli mweupe kwenye kona ya michezo. Wa Arkansas walau mtu aliyemfundisha kusoma alikuwa wa rangi yake.

Mamie hakuisubiri mahakama. Mwaka 1946, miaka minane kabla ya hukumu, alikopa dola 946 kwa baba yake, yule daktari wa Hot Springs, akafungua na mumewe kliniki ya watoto katika chumba cha chini cha jengo la Dunbar, Harlem. Walianza na wafanyakazi wa kujitolea. Baadaye kliniki iliitwa Northside Center for Child Development. Mamie aliiongoza hadi 1979.

Waliokuja mwanzoni walikuwa wazazi wenye barua. Shule ilikuwa imeandika kwamba mtoto wao ni taahira, ahamishiwe darasa la wasiofundishika. Mzazi hakuwa na cha kupinga. Yeye si mtaalamu, barua ina mhuri. Mamie na wenzake waliwapima upya watoto hao na kukuta wengi hawana utaahira wowote. Hapo sasa barua ilijibiwa kwa barua. Nikifikiria habari nzima ya akina Clark, chumba hicho cha chini ndicho kinachobaki akilini kuliko ukumbi wa marumaru wa Washington. Mama mmoja baada ya mwingine, kama Miriam zamani, anakwenda shuleni mguu kwa mguu, ila safari hii mkononi ana karatasi.

Midoli nayo ilikuwa na historia yake inayoendelea pembeni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Richard Henry Boyd wa Nashville, aliyezaliwa mtumwa, aliuza midoli ya heshima ya watu weusi kwa sababu iliyokuwa sokoni ilikuwa vikaragosi vya kuchekwa. Mwaka 1951 ukatoka mdoli uliofanyiwa kazi na Sara Lee Creech, mwanamke mweupe wa Florida aliyewaona wasichana wawili weusi ndani ya gari wakicheza na midoli myeupe. Mwandishi Zora Neale Hurston alimuunga mkono. Ulidumu miaka michache tu. Kwa kawaida viwanda vilifanya jambo jepesi: vilichukua ukungu ule ule wa mdoli wa kizungu, vikamimina rangi ya kahawia. Midoli ya akina Clark ilikuwa hivyo hivyo. Turudi nyuma kidogo tuutazame ule wa kahawia uliosemwa ni mbaya: pua yake haikuwa ya mtoto wa Harlem wala midomo yake. Mtoto aliambiwa atafute anayefanana naye, na mezani hakuwepo.

Agosti 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto wa ghasia. Watu 34 walikufa. Katika majivu hayo Lou Smith na Robert Hall walianzisha mradi wa kufundisha vijana kazi, Operation Bootstrap, na mwaka 1968 mradi huo ukazaa kiwanda cha midoli. Mattel, watengenezaji wa Barbie, walitoa mtaji na utaalamu. Jina la kiwanda lilikuwa Shindana.

Ndiyo, Shindana, neno letu. Los Angeles ya miaka hiyo ilikuwa imeshikwa na Kiswahili. Ni humo humo Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa mwaka 1966 kwa maneno ya Kiswahili matupu. Wenye kiwanda walieleza kwamba shindana maana yake ni mshindani. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angewasahihisha kwa kalamu nyekundu: hicho ni kitenzi, anayeshindana ni mshindani. Lakini acha nikiri kwamba kosa lao limenoga kuliko usahihi wetu. Limeandikwa juu ya boksi la mdoli, mtoto analisoma, na linamwamrisha: shindana!

Mdoli wao wa kwanza, Baby Nancy, ulikuwa na ngozi nyeusi na sura iliyochongwa upya. Pua ya kwetu, midomo ya kwetu, na nywele zilizokusudiwa zifanane na za mtoto mweusi. Kabla ya Krismasi ya 1968 ulikuwa unauzwa nchi nzima. Wakaufuatisha na mingine: Malaika, Tamu, Zuri. Tamu ulikuwa unaongea ukivuta kamba. Sijawahi kukutana na mtoto aitwaye Tamu, Tanga wala Mombasa, na Zuri bila kiambishi lingepigwa kalamu nyekundu pia. Lakini fikiria msichana wa Los Angeles, au wa Arkansas kule kule kwa akina Clark, anaulizwa jina la mdoli wake. Analitamka tu: Zuri. Bila kujua Kiswahili hata neno moja, amekwishatoa jibu la lile ombi la pili, la mdoli mzuri.

Miezi hiyo hiyo sisi tulikuwa tunafanya nini? Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam: marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi, na dawa za kujichubua ngozi. Tayari miezi michache kabla yake wasichana walikuwa wameshambuliwa na vijana kwenye vituo vya basi Kariakoo. Lengo, walisema, ni kumrudishia Mwafrika heshima yake. Watts aliyeambiwa ni mzuri alipewa mdoli. Kariakoo aliyeambiwa ajipende alichaniwa nguo. Sishangai kwamba mkorogo umetushinda mpaka leo.

Tena haukuanzia dukani. Nenda kumtazama mzazi aliyejifungua juzi. Shangazi atamfunua mtoto, atamgeuza kichwa, atachungulia ukingo wa masikio. Anatafuta rangi. Siku hizo za mwanzo mtoto ni mwepesi wa rangi, lakini masikio, wanasema, hayadanganyi. Yakiwa meusi utasikia, kwa huruma kabisa: huyu atafuata upande wa baba. Yakiwa maji ya kunde: mashallah, huyu mtoto mzuri. Kisha anapewa asali, anaombewa dua, anabusiwa. Anapendwa kwa dhati. Na hukumu imekwisha kusomwa, naye hana hata wiki. Akifika miaka mitatu atajua nywele za singa ni zipi na za kipilipili ni zipi, na ni zipi zinazochanwa kwa kusonywa. Shangazi huyo hana chuki na mtu. Naye aliwahi kufunuliwa masikio.

Shindana ilifungwa mwaka 1983. Mamie Clark alifariki Agosti mwaka huo huo. Kenneth alibaki na umri mrefu na uchungu mwingi. Aliwahi kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, na uzeeni alisema waziwazi kwamba hukumu ya 1954 haikufanya alichotarajia. Alifariki Mei 2005.

Mwaka huo huo msichana wa sekondari wa New York, Kiri Davis, alichukua kamera na midoli miwili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, akaenda nayo kwenye kituo cha kulelea watoto, Harlem. Aliwauliza watoto weusi 21 maswali ya akina Clark. Kumi na watano walichagua mweupe. Filamu yake ina dakika kama saba hivi, na kipande kinachokumbukwa ni cha msichana mdogo aliyeketi mezani, midoli imelazwa mbele yake. Anaulizwa mzuri ni upi, anachukua mweupe. Mbaya? Mweusi. Kwa nini? Kwa sababu ni mweusi. Anajibu haraka, kama mtoto anayejua somo lake. Kisha anaombwa atoe mdoli unaofanana naye. Ananyamaza. Mkono unagusa mweupe, unaondoka. Hanyanyui macho. Anaweka kiganja juu ya ule mweusi, wala hauinui. Anausukuma taratibu juu ya meza, hadi kwa anayeuliza.